Sura moja maneno 900, nyingine 6,200: nikate wapi?

Swali: Mzee, habari za Kampala. Mimi ni mwalimu wa primari hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Naandika riwaya yangu ya kwanza, inahusu dereva wa trela na taniboi wake, yule msaidizi wa lori, waliokwama upande wa Kenya kwenye ile foleni ya Malaba ya Januari 2022, wakati wa vipimo vya korona. Nimefika sura ya nane. Sura ya kwanza ina maneno 900 lakini ya tatu imefika 6,200. Kwenye hiyo ya tatu wanafika foleni, wanagombana juu ya pesa ya kipimo, taniboi anaenda kibandani kutafuta chakula, anapigiwa simu kwamba mama yake amelazwa Tororo, anaamua asimwambie dereva, anarudi anakuta dereva amelala, asubuhi foleni haijasogea. Rafiki yangu aliyefanya kozi ya uandishi kwenye intaneti anasema kila sura lazima iwe maneno 3,000 mpaka 4,000 na zote zilingane. Nimeanza kuongezea sura ya kwanza na naona inaharibika. Sura iwe na urefu gani hasa? Na nikitaka kuitoa kwanza WhatsApp kidogo kidogo, nibadilishe?

Jibu: Mwalimu, hongera kwanza, kufika sura ya nane si mchezo, wengi wanaoniletea kazi huwa wana sura mbili na maombi mengi. Sasa hiyo kazi ya kuongezea sura ya kwanza iache leo leo, rudisha ile ya maneno 900 kama bado unayo. Umeshasema mwenyewe inaharibika, na jicho lako hapo limeona vizuri kuliko hiyo kozi. Sura ikiisha imeisha. Ukianza kuijaza hali ya hewa na rangi ya mashati ya watu ili ifike 3,000, msomaji anajua, hata kama hawezi kukuambia kwa nini amechoka.

Sheria ya kulingana haipo. Chukua vitabu ambavyo kila nyumba hapa kwetu inacho kimoja au kingine: kwenye Kurani sura ya Al-Baqara ina aya 286 na Al-Kawthar ina aya 3, kwenye Biblia Zaburi ya 119 ina mistari 176 wakati Zaburi ya 117 ina miwili tu. Najua hizo si riwaya, sizilinganishi na riwaya, nasema tu kwamba msomaji wetu hajawahi kushtuka kuona sehemu fupi jirani na sehemu ndefu. Kwenye riwaya zenyewe, kuna Mmarekani William Faulkner, mwaka 1930 alitoa kitabu chenye sura ambayo yote ni sentensi moja ya maneno matano, basi, imekwisha. Na wapo walioandika riwaya nzima bila sura hata moja.

Hizo 3,000 mpaka 4,000 za rafiki yako hakuziokota barabarani lakini. Huko Uingereza na Marekani walimu wa uandishi wanapenda kutaja namba za aina hiyo kwa sababu wachapishaji wao wanategemea riwaya ya maneno 80,000 hivi au zaidi, ukigawanya unapata sura ishirini na kitu, inakaa vizuri mkononi. Sisi mahesabu yetu ni mengine. Riwaya nyingi za Kiswahili ni vitabu vyembamba, kurasa 150, 200 hivi. Halafu kuna jambo ambalo hizo kozi hazikuambii kwa sababu hazikukufikiria wewe: Kiswahili kinabeba mzigo mkubwa kwenye neno moja. Ukiandika "hatukuwaona" kompyuta inahesabu neno moja, Mwingereza kusema hivyo hivyo anatumia matano. Kwa hiyo ukilazimisha sura ya Kiswahili ifike namba iliyopimwa kwa Kiingereza unakuwa umeongeza habari ambayo hata wao wenyewe hawakuiomba. Pima kwa kurasa. Ukurasa wa kitabu cha saizi ya A5 unabeba maneno kama 250 mpaka 300 kutegemea herufi na nafasi, kwa hiyo sura yako ya kwanza ni kurasa tatu na kitu, na ya tatu ni kurasa 21 mpaka 25. Hapo ndo unaona picha yenyewe. Kurasa tatu za kufungulia kitabu ni sawa kabisa, msomaji bado hajaamua kama anakutaka. Kurasa 25 ni nyingi lakini si kosa peke yake, tutaifikia.

Mimi nikipokea muswada siangalii urefu kwanza. Nachukua kalamu, na mwisho wa kila sura naandika pembeni kitu gani kimebadilika tangu sura ilipoanza. Si kwamba mtu ametoka Malaba akafika Tororo, hapana, huko ni kusafiri tu. Naangalia mtu amejua nini ambacho hakukijua, amepoteza nini, ameamua nini, nani sasa hamwamini nani. Nikikuta jambo moja kubwa limegeuka, sura ina afya, iwe kurasa mbili au ishirini. Nikikosa kabisa, basi hiyo si sura, ni maelezo yaliyokaa peke yake na inabidi yapelekwe kwa jirani, mara nyingi aya mbili zake zinatosha na zingine zinakufa. Na nikikuta mageuzi matatu makubwa yamebanana ndani ya sura moja naanza kumuuliza mwandishi kama amechelewa kukata, maana geuzi la pili linakuja kabla la kwanza halijamwingia msomaji.

Sasa hiyo sura yako ya tatu. Nahesabu mageuzi mawili ya kweli: ugomvi wa pesa ya kipimo, na ile simu pamoja na uamuzi wa kunyamaza. Kufika foleni ni kufungua mlango. Dereva kulala na asubuhi foleni kutosogea, hayo ni matokeo. Kwa maoni yangu hapo kuna sura mbili na kipande.

Ya kwanza ianze wanapofika na imalizike kwenye ugomvi. Na hii wala usiogope iwe ndefu! Foleni ile ilikuwa ya kilomita na kilomita, malori yamesimama mpaka madereva wanapika chini ya trela, msomaji anatakiwa auhisi huo uzito wa kukaa, na urefu wa sura ni njia mojawapo ya kumfanya auhisi. Sura ndefu inapunguza mwendo, inamkalisha mtu chini. Ila banange, ndefu isiwe tupu. Ndani yake kila kurasa mbili tatu kitu kidogo kigeuke: mara ejenti anakuja na bei mpya, mara kuna uvumi kwamba mbele wamefungua, watu wanawasha injini, kumbe hamna kitu, mara taniboi anagundua dereva ana pesa alizosema hana. Vitu vidogo vidogo vinavyopanda mpaka ugomvi ulipuke. Hapo hata kurasa 15 zitasomwa.

Ya pili ianze kibandani. Hii iwe fupi na kali. Na swali la wapi ikatwe ndo muhimu kuliko swali la maneno mangapi. Wewe umeendelea mpaka dereva amelala na kumepambazuka. Waandishi wapya karibu wote wanafanya hivyo, sura inaisha mtu akienda kulala, kwa sababu siku imeisha na inaonekana kawaida. Lakini mhusika akilala na msomaji naye anafunga kitabu analala, umempa ruhusa mwenyewe. Jaribu kukata taniboi anaporudi na sahani mbili za chakula, dereva anamuuliza nani alikuwa anapiga simu, na kijana anafungua mdomo kujibu. Kata hapo. Msomaji anajua mama yuko Tororo, na Tororo si mbali na pale, ni ng'ambo tu, kijana angeweza hata kufika kwa boda kama si hiyo mipaka na vipimo. Anataka kujua atasema nini. Atafungua sura inayofuata.

Kipande kinachobaki ni asubuhi, foleni haijasogea. Kwenye mpangilio wako kimekaa kama mkia. Ukikiweka peke yake, ukurasa mmoja au hata nusu, kijana anaamka anaangalia lori la mbele, ni lile lile na turubai lile lile lililopasuka, na sasa tunajua kwamba alidanganya jana usiku bila hata wewe kutuonyesha akidanganya, mimi naona hiyo nusu ukurasa itaumiza kuliko kurasa kumi za maelezo. Sura fupi sana ina nguvu hiyo ikifuata ndefu. Lakini ni dawa ya kutumia mara moja mbili kitabu kizima, ukiitumia kila baada ya sura mbili msomaji anaizoea na anaanza kuona unajishaua.

Na hiyo ya kukata katikati ya jambo pia ina kiasi chake. Ukikata kila sura mtu akiwa mdomo wazi, kitabu kinakuwa kama taksi inayofunga breki kila stegi, abiria hawezi hata kuongea na jirani yake. Sura zingine zifunge kabisa, jambo liishe, mtu apumue. Mimi huwa naangalia kama mwandishi amechanganya: mbili tatu zinavuta, moja inafunga. Siyo hesabu ya kufuata, ni sikio tu.

Mfano wa sikio zuri, wengi waliosoma sekondari hapa Uganda wamekutana nao: riwaya ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958. Sura 25, katika sehemu tatu, na sehemu zenyewe hazilingani, ya kwanza ina sura 13, zingine mbili zina sita sita. Iangalie sura ya 6, ile ya mieleka. Ni fupi, ngoma, watu, mwanga, mtu anaangushwa, imekwisha. Halafu nenda sura ya 11, ule usiku Chielo, kuhani wa kike, anambeba mtoto Ezinma gizani na mama yake, Ekwefi, anawafuata nyuma. Hiyo ni ndefu zaidi sana, na hata inaanza kwa hadithi ya kobe kabla Chielo hajafika. Kwa nini? Mieleka ni furaha ya haraka, ukiirefusha inapoa. Usiku wa Ekwefi ni woga wa mama, na woga unakua kadiri njia inavyokuwa ndefu, kwa hiyo na sisi tunatembezwa. Angefuata sheria ya rafiki yako angezilinganisha hizo sura na kuziua zote mbili.

Kama unaona kitabu kina watu wengi na unashindwa kupanga, kuna na ngazi iliyo juu ya sura. Dada yetu Jennifer Nansubuga Makumbi kwenye riwaya yake Kintu, iliyotoka 2014, ana utangulizi kisha vitabu sita ndani ya kitabu, na vitano vya mwanzo kila kimoja kina mtu wake, ndani yake ndo kuna sura. Hivyo sura hazibebi kazi ya kutuambia sasa tumehamia kwa mtu mwingine, kazi hiyo imefanywa na sehemu kubwa. Wewe una watu wawili tu na foleni moja, sidhani unahitaji sehemu. Ila kama baadaye utaingia kichwani mwa yule mama hospitalini, basi usimwingize katikati ya sura ya kijana, mpe yake, hata ikiwa fupi. Kubadili anayeona mambo ni sababu nzuri kabisa ya kukata.

Jambo lingine dogo. Mazungumzo na maelezo hayasomwi kwa mwendo mmoja. Kurasa kumi za dereva na taniboi kurushiana maneno zinaisha upesi kuliko kurasa tano za kueleza yadi ya forodha. Kwa hiyo hata ukilinganisha maneno sura hazitalingana kwa msomaji. Ukitaka kujua urefu wa kweli isome kwa sauti, simu ikihesabu dakika pembeni, na angalia wapi wewe mwenyewe umeanza kuruka mistari. Wewe una bahati una darasa, lakini usiwasomee watoto hii ya madereva hahaha.

Sasa WhatsApp. Hapa usichanganye sura na kipande cha kutuma. Hata zamani hivi vitu viwili vilikuwa mbali mbali: Charles Dickens alipoanza kutoa The Pickwick Papers mwaka 1836 ilikuwa inatoka kila mwezi, muda si mrefu ikatulia kwenye kurasa 32 kwa toleo, na toleo moja kwa kawaida lilikuwa na sura zaidi ya moja. Karatasi na bei ndivyo viliamua ukubwa wa toleo, hadithi ikaamua sura. Kwako wewe kinachoamua kipande ni skrini ndogo na bando la msomaji na muda alionao akiwa kwenye taksi. Maneno 600 mpaka 900 kwa mara moja yanatosha, zaidi ya hapo watu wanasema nitasoma jioni na jioni haifiki. Mistari miwili ya kwanza iwe na kitu, kwa sababu WhatsApp ikiona ujumbe ni mrefu inauficha na msomaji lazima abonyeze ndipo auone wote, kama ulianza na salamu na "samahani kwa kuchelewa" humpi sababu ya kubonyeza. Siku ya kutuma iwe moja na ijulikane.

Kwa hiyo ile sura ndefu ya foleni inaweza kwenda kwa vipande vitano na bado ikabaki sura moja. Weka mafaili mawili kwenye kompyuta au simu, moja la kitabu, moja la vipande. Hilo la vipande ndo lina "tulipoishia" na "itaendelea" na vile vimshtuko vya mwisho. Watu wengi wanachapisha kitabu kwa kubandika vipande vya WhatsApp kama vilivyo, na hapo unakuta kitabu kina mishtuko sitini ya uongo, mtu anagonga mlango kwa kishindo, itaendelea, kumbe ni jirani amekuja kuomba chumvi. Kwenye simu inavumilika sababu kesho yake watu wameshasahau. Kwenye kitabu msomaji anafunua ukurasa papo hapo na anakuona muongo.

Tukija kwenye kuchapisha, kuna sababu ya pesa pia ambayo waandishi hawaifikirii mpaka wafike Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala. Kwa kawaida kila sura inaanza ukurasa mpya. Kwa hiyo kila sura inapoisha unaacha wastani wa nusu ukurasa mweupe, na sura mpya ikianza inashushwa kidogo chini ya kichwa, nafasi nyingine imeenda. Riwaya ile ile ukiikata sura 60 badala ya 20 unaongeza kurasa 20 na zaidi ambazo hazina kitu, na vitabu vinachapwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, ukizidisha kidogo tu unalipia fungu zima. Mkijichapishia wenyewe hiyo ni hela. Kuna dawa: mwambie mpangaji wa kurasa sura fupi sana zisianze ukurasa mpya, aache mistari kadhaa tu na namba. Lakini ile nusu ukurasa yangu ya asubuhi, mwalimu, hiyo mpe ukurasa wake mzima, weupe wote unaobaki pale chini unafanya kazi.

Kwa sasa usikate chochote bado. Andika mpaka mwisho, sura zikiwa za urefu wowote zinaokuja nao. Ukimaliza chukua karatasi moja, andika kila sura kwa mstari mmoja: kurasa ngapi, nani anaona, nini kimegeuka. Karatasi hiyo itakuonyesha kama una sura nne ndefu zimefuatana zote za kukaa na kulalamika, au kama kuna sura ambayo mahali pa "nini kimegeuka" umebaki unakuna kichwa. Hapo ndo unakata na kuunganisha, na ni kazi ya siku chache tu, wakati ukikata sasa utakata tena sura ya kumi na mbili itakapokulazimisha kubadilisha ya tatu.

Na namba za sura usiziandike kwenye muswada kabla hujafika huko, weka jina tu la kukukumbusha, "kibandani", "ugomvi", basi. Sura ya tatu ikizaa sura tatu, namba zote za mbele zinahama na utajikuta unatafuta "sura ya saba" ambayo sasa ni ya tisa. Majina hayo mengine utayafuta, mengine utayapenda utayaacha yachapwe, vyote ni sawa.